Sipiyu la kizee, kumbe bado limo!

SOGEA hapa kwenye benchi nikupashe, maana wiki hii nina kisa ambacho nusura kinitoe kwenye ukoo.

Dada yangu, yule wa tumbo moja, ana kibanda cha steshenari pale Mwananyamala. Nasema kibanda, sisemi duka. Ndani kuna meza moja, printa moja, mashine ya fotokopi yenye sauti ya trekta, na kompyuta. Kompyuta hiyo ndiyo inayolipa kodi, ndiyo inayomsomesha mwanawe, na ndiyo iliyonilisha mimi mwaka mzima na ushee nilipomaliza chuo nikiwa nimechacha kupita maelezo. Kwa hiyo nikisema ilikuwa ya maana, ujue sitii chumvi.

Julai 2025 akanipigia simu usiku. Dada yangu si mtu wa simu za usiku, nikajua hapa kuna jambo.

"Mdogo wangu, njoo uniangalizie hili dude. Kiduara kinazunguka tu, wateja wanaondoka."

Kama unaijua Dar, unajua kwamba miezi ile ndiyo mavuno ya watu wa steshenari. Vijana waliomaliza kidato cha sita wanaomba vyuo, wanaomba mikopo ya Bodi, wanaskani vyeti, wanachapa barua. Kila kitu siku hizi ni cha mtandaoni. Mtoto wa watu anakuja na bahasha yake ya kaki, nauli ya kurudia kaishika mkononi. Ukimkalisha dakika arobaini na ukurasa wa kwanza haujafunguka, anahama. Na pa kuhamia papo, hatua ishirini tu, jirani ana laptopu mpya na feni ya kupepea wateja.

Nikaenda. Niliyoyakuta, we acha tu. Sipiyu nyembamba ya ofisini ya mwaka 2012, iliyonunuliwa mtumba. Prosesa ni Core i5 ya kizazi cha tatu, ramu giga 4, hadi diski giga 500. Asubuhi dada anabonyeza kitufe, anajitanda kanga, anakwenda kununua vitumbua, anarudi, bado haijawaka. Dakika nne na kitu, nilipima kwa saa. Halafu kila siku ikiwaka inadai tuko mwaka 2012, kila tovuti inakataa kufunguka, mpaka dada aangalie simu yake na kurekebisha tarehe kwa mkono. Alikwishazoea, kama mtu anavyozoea mlango unaokwama.

Kuna fundi alikuwa ameshampitia, akamwambia madabodi imekufa, alete sh. 300,000. Dada alikuwa na sh. 200,000, hela ya mchezo, ule wa kupeana zamu na kina mama wenzake. Akanihesabia zote mkononi.

"Wewe ndiye uliyesoma," akasema.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Badala ya kukaa na mashine niisikilize inaumwa nini, nikapitia kijiweni. Kijiwe chetu kina washikaji wanaocheza gemu za mpira na za vita mpaka kuku wanawika. Nikawaeleza. Mmoja akasema, "Weka grafiksi kadi mwana, itapaa hiyo." Wote wakaitikia. Mimi nikaona soo kuuliza itapaa kivipi.

Kesho yake nikatimba Kariakoo, nikatoka na kadi ya sh. 55,000. Feni mbili, taa nyekundu, babu kubwa! Kwenye daladala niliikumbatia kama mtoto mchanga.

Nikafungua sipiyu mbele ya dada na wateja wawili, mikwara kibao. Kadi ikagoma kuingia. Nikaigeuza hivi, nikaigeuza vile, kadi ilikuwa imelizidi kimo kasha lenyewe! Kumbe zile sipiyu nyembamba za ofisini zinakubali kadi za nusu kimo peke yake. Halafu hiyo yangu ilitaka waya wake binafsi wa umeme, na pawa saplai ya mle ndani, ya wati 240, haina waya wa namna hiyo. Kwa hiyo hata ningelikata bati kwa msumeno, ningekuwa nimejisumbua bure.

Nikarudi dukani mbio. Jamaa hakusema neno, aliweka tu kidole chini ya risiti. Mali ikishauzwa hairudishwi. Nilitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Dada hakugomba. Heri angegomba. Alisema "Sawa," akanimiminia chai, akageuka kumwambia mteja kwamba leo mtandao unasumbua. Ile "sawa" ilinikaa tumboni kama muhogo mbichi.

Sasa mtaa wa nyuma kuna mzee mmoja fundi redio. Alianza na redio kaseti, akaja kwenye televisheni, leo anafungua chochote chenye skrubu. Nikamwamkia, nikamwaga yote, nikamwonyesha na kadi. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Kijana wangu, mgonjwa anaumwa tumbo, wewe umemnunulia viatu!"

Akaja mwenyewe kibandani. Bisibisi hakuigusa. Alikaa mbele ya monita, akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikatokea ile orodha ya nani anafanya kazi gani mle ndani. Prosesa ilikuwa asilimia 12, inapiga miayo. Ramu asilimia 90. Diski asilimia 100, na haishuki hata tukikaa bila kugusa kitu.

"Unamwona huyu?" akanionyesha prosesa. "Huyu mpishi hana tatizo. Anayemletea kuni ndiye anakuja kwa kuchechemea."

Nisikilize hapa, maana ndipo hela za watu wengi zinapopotelea. Hadi diski za zamani ni sahani zinazozunguka, nyingi zile za ofisini mara 7,200 kwa dakika, na juu yake kuna mkono wenye kichwa cha kusomea unaorukaruka kutafuta kitu kilipo. Kila mruko unakula kama milisekunde kumi hivi. Utasema ni kidogo. Lakini kompyuta ikiwaka inaomba vipande maelfu kwa maelfu vilivyotawanyika, sasa jumlisha mwenyewe. SSD haina sahani wala mkono. Ni chipu tupu, ukoo mmoja na flashi, ila hii imepitia jeshi. Kipande kiwe wapi, kinapatikana chini ya milisekunde moja. Na uzuri wake, SSD za umbo la SATA zinatumia waya zilezile za hadi diski ya 2012. Unachomoa kule, unachomeka huku.

Ramu nayo ilikuwa inachochea ugomvi. Ikijaa, kompyuta inaanza kuifanya diski ndiyo ramu ya akiba. Na diski yenyewe ndiyo hiyo, hoi. Mteja anafungua kurasa kumi za mtandaoni na barua moja, giga 4 zinakwisha kama ubwabwa wa msibani.

Nilikuwa nimebakiwa na sh. 145,000. Mzee akasema safari hii tunakwenda wote.

Kariakoo ukiwa na mzee ni nyingine. Duka la kwanza tuliwekewa SSD iliyoandikwa terabaiti mbili, sh. 40,000. Mimi mate yalinitoka. Mzee akairudisha kwa vidole viwili kama ameshika panya. Kumbe zipo zilizofundishwa kusema uongo. Ndani ina kachipu kadogo, lakini kompyuta ikiiuliza una ukubwa gani inajibu terabaiti mbili. Unajaza mafaili kwa raha zako, siku yakizidi ukubwa wake wa kweli yanaanza kupotea, na wewe hujui. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza diski yote kisha inayasoma tena iliyoyaandika. Diski haiwezi kuidanganya hiyo. Na kama unanunua ya mtumba, mwambie muuzaji aichomeke afungue CrystalDiskInfo, utaona imewaka saa ngapi tangu izaliwe na afya yake ikoje. Akikataa, mwage, maduka ni mengi.

Tukapata SSD mpya ya giga 240 kwa sh. 65,000. Kwa kazi ya barua na fomu inatosha na kubaki.

Kwenye ramu nusura nitie aibu tena. Niliokota kipande cha DDR4 kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu. Mzee akanifinya. Mashine ya kizazi cha tatu inakula DDR3 tu. Zile za kompyuta ya mezani za DDR3 zina pini 240, za DDR4 zina 288, na ule mkato katikati umekaa sehemu tofauti, kwa hiyo haiingii hata ukiipiga nyundo. Na za laptopu ni fupi, usije ukabambikwa. Tukachukua mbili za giga 4 kila moja, za mtumba, sh. 40,000. Kwa nini mbili na si moja ya giga 8? Zikikaa mbili zinazolingana, kila moja kwenye njia yake, prosesa inachota kwa mikono miwili. Ramu ya mtumba mimi siiogopi kama diski ya mtumba. Haina cha kulika sana, na MemTest86 ukiiacha ikeshe usiku kucha inakwambia kama kuna uongo.

Halafu mzee akasimama kwa muuza saa. Nikadhani anataka mkanda. Akanunua betri moja ya duara, CR2032, buku jero.

"Hii ndiyo madabodi yenu iliyokufa," akasema.

Sina mbavu! Betri hiyo ndiyo inayoiwezesha sipiyu kukumbuka tarehe ikichomolewa kwenye umeme. Ikiisha, asubuhi sipiyu inarudi ujanani, 2012. Sasa tovuti za siku hizi zina vyeti vyake vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kivinjari kikiambiwa leo ni 2012, kinaona cheti hakijaanza kazi, kinafunga mlango. Basi kwa sh. 1,500 tukaokoa sh. 300,000 za fundi yule, ambaye simtaji, lakini akisoma hapa anajijua.

Mwisho tukachukua kibomba cha ile dawa ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na bamba la kupozea, sh. 5,000. Kijiweni waliniambia dawa ya meno inafanya kazi ileile. Nimekoma kuwasikiliza.

Jumamosi mchana tukafunga kibanda. Mzee hakuniruhusu kufungua kitu mpaka ninakili mafaili ya dada yote kwenye diski ya nje, ambayo alituazima. Hapo ndipo nilipotishika. Kuna mafaili yaligoma kusomeka. Diski ilikuwa inatoa mlio, tik, tik, inasimama, inaanza tena. Mle kulikuwa na barua za wateja, CV za watu, mitihani ya shule mbili za jirani, daftari la madeni. Dada alikuwa hana nakala ya kitu chochote mahali pengine, hata kwenye flashi. Tulianza saa nane mchana, tukamaliza saa nne usiku, na mafaili kumi na saba yalibaki mle mle. Nilimtazama dada, safari hii hakusema hata "sawa". Wiki mbili nyingine, sijui kama tungepata hata hayo.

Ufundi wenyewe ulikuwa mwepesi kuliko maneno. Unachomoa waya wa umeme, unabonyeza kitufe cha kuwashia mara moja umeme uliobaki uishe, unagusa bati tupu la kasha ili usiiunguze ramu kwa umeme wa mwilini. Ramu unaikandamiza mpaka vishikizo viseme klak. SSD haikuwa na mahali pake, tukaibandika kwa gundi ya pande mbili. Haina kinachozunguka, haijali imelalia ubavu gani. Tulipofungua bamba la kupozea tukakuta vumbi zito kama blanketi la jeshi, na dawa ya zamani imekauka kama chokaa. Tukafuta, tukapaka mpya kiasi cha punje ya mchele. Windows tukaisimika upya kutoka kwenye flashi, maana kuhamisha ile ya zamani na uchafu wake wa miaka ilikuwa kama kuhamia nyumba mpya na kunguni.

Jumatatu asubuhi nikawahi kibandani. Dada akabonyeza kitufe, akajitanda kanga kwenda kwenye vitumbua. Hakufika mlangoni. Sekunde ishirini na tatu, mashine iko tayari, tarehe ya leo. Akasimama na kanga yake, akaitazama, akanitazama.

"Vitumbua nani ananunua sasa?" akasema.

Nikanunua mimi. Wiki ile foleni ilitoka nje ya kibanda, na jirani mwenye feni akaja kuuliza tumefanyaje. Nikamrudishia dada chenji yake, sh. 33,500, nauli zote nikajilipia. Akanunua rimu za karatasi.

Sasa mimi, si unajua tena mafanikio yanavyolevya, nikaanza kutamani prosesa. Madabodi ile inapokea Core i7-3770, soketi ni ileile, LGA 1155. Nikamweleza mzee. Akaniuliza swali moja tu: ile asilimia 12 uliiona? Mtu anapiga miayo, wewe unamletea msaidizi! Nikanywea. Nikasema basi madabodi mpya. Akanihesabia: madabodi mpya inataka prosesa mpya, prosesa mpya inataka ramu nyingine, na kasha jembamba la ofisi halipokei madabodi za kawaida, wala pawa saplai yake haifanani na za dukani. Mwisho wa yote kilichobaki cha zamani ni mausi. Hiyo si kukarabati tena.

Mimi nimejifunza kuuliza kifaa kama kitaweza kuhama. SSD ile, siku sipiyu ikizikwa, tutaichomoa twende nayo. Ramu ya DDR3 itazikwa na mwenyewe. Ndiyo maana kwenye ramu hatukuvuka giga 8, ingawa nafasi zilikuwepo.

Likaja la Windows. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Haikuzimika, ila ile kazi ya bure ya kuziba matundu ya usalama kila mwezi ilikoma. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0, na kwa upande wa Intel orodha yake inaanzia kizazi cha nane. Sisi wa cha tatu tumeachwa stendi. Vichochoro vya kuipitisha kwa nguvu vipo, lakini Microsoft yenyewe inasema aliyepita huko asidai haki ya kuletewa masasisho. Kibandani kwa dada watu wanaandika nywila zao, wanaacha vyeti vyao. Huko si kwa kubahatisha.

Tukaweka Linux Mint, ya bure. Kwanza niliiwasha kutoka kwenye flashi bila kuisimika, nikaona kama printa inakubali. Ikakubali. Skana ilinila jioni nzima. Dada alinuna siku tatu, "hii Windows gani hii?", na hasa CV za watu zilizochapwa kwa Word zilipofunguliwa kwenye LibreOffice mistari ikahama kidogo. Siku hizi anawaambia wateja walete PDF, na wenye Word anakaa nao kunyoosha mistari, anawatoza jero ya ziada. Biashara ni biashara.

Kadi yangu ya taa nyekundu bado ipo. Dada kaitundika kwenye msumari juu ya meza, kando ya kalenda. Mteja akiuliza ni nini, anajibu, "Hiyo ni digrii ya mdogo wangu." Nimeshamlipa sh. 35,000, bado ananidai 20,000. Kama una sipiyu pana yenye pawa saplai ya maana, na kweli unacheza gemu, pita Mwananyamala tuongee. Bei poa. Ila ukishanunua, hairudishwi.